Mwongozo kamili: kupanga njia za nafaka yako zisikatike dunia ikivurugika

Kila njia ya biashara ikifungwa mahali fulani duniani nakutana na malalamiko ya aina moja. Mtu anakwambia mimi nilijiandaa, nina saplaya watatu sio mmoja, stoo ninayo, mkataba ninao, lakini wiki ya tatu tu mzigo umekata na kinu kimesimama. Ukikaa naye mkachambua unakuta wale saplaya wote watatu mzigo wao ulikuwa unapita mlango mmoja wa bahari, stoo ilikuwa na nafaka kweli ila nusu imeshageuka unga wa fukusi, na mkataba una kipengele kinachomruhusu muuzaji aondoke zake bila kulipa chochote. Ni makosa hayohayo matatu, yanarudi kila mara.

Huu mwongozo ni wa mtu anayesaga, anayetengeneza chakula cha mifugo, anayesimamia ghala la ushirika au anayenunua chakula cha taasisi. Iwe tani 5 kwa mwezi au tani 5,000, hatua ni zilezile, zinazobadilika ni namba tu. Naomba usiruke hatua, manake ya nne inategemea namba za ya kwanza na ya pili, na wengi wanaofeli walianzia katikati.

## Andaa hivi vitu kwanza

- Rekodi za matumizi na manunuzi za miezi 12, za kwenye karatasi au kompyuta, sio za kichwani.
- Mikataba yote uliyosaini na inayoendelea, pamoja na karatasi za bima.
- Ramani ya dunia inayoonyesha bandari na mito mikubwa, ya bure ya mtandaoni inatosha.
- Mita ya unyevu wa nafaka. Hii usiazime, nunua.
- Bambo la kutolea sampuli, mizani iliyokaguliwa, chaga za mbao, turubai, na fimbo ndefu ya chuma.
- Mtu mmoja mwenye jina ambaye kazi hii ni yake. Kazi ya wote haina mwenyewe, na nafaka inaharibika wakati kila mtu anadhani mwenzake amekagua.

## Hatua ya 1: Jua unatumia kiasi gani kwa siku

Toa namba mbili, wastani wa matumizi kwa siku na matumizi ya siku ile iliyokuwa kubwa kuliko zote. Fanya hivyo kwa kila aina ya nafaka na kila daraja, manake ngano ngumu ya mkate haiwezi kuhesabiwa pamoja na ngano laini ya biskuti, kwenye karatasi zote ni ngano lakini siku ya shida moja haikuokolei nyingine.

Onyo moja tu hapa, hesabu kilichoingia kinuni, sio kilichonunuliwa. Tofauti ya hizo namba mbili ndio uchafu, wizi, unyevu uliokauka na wadudu, na ukiiona kubwa umeshapata kazi ya kufanya kabla hata ya kufikiria dunia.

## Hatua ya 2: Hesabu milango, sio wauzaji

Hapa ndo penye roho ya mwongozo wote kwahiyo kaa napo. Mlango namaanisha kitu chochote ambacho mzigo lazima ukipite na kinaweza kufungwa.

Chukua karatasi, kila muuzaji mpe mstari wake. Andika nafaka imelimwa nchi gani, inafika bandarini kwa mto, reli au lori, inapakiwa bandari gani, inapita milango gani ya bahari, inashushwa wapi na inakujaje hadi kwako. Muuzaji akikwambia "asili yoyote" mwambie akuandikie asili za mizigo mitano ya mwisho. Asipotaka, andika kwamba hujui, na mtu usiyejua njia yake usimhesabu kama njia ya pili.

Ukimaliza, chora duara kwenye kila mlango ambao zaidi ya muuzaji mmoja anaupita, na hapo ndipo watu wengi wanashtuka.

Mfano ninaopenda kuutumia ni wa Bahari Nyeusi. Mtu ananunua ngano Urusi, Ukraine na Romania, nchi tatu, kampuni tatu, lugha tatu, anajiona amejigawa vizuri. Mizigo yote hiyo ikitokea bandari za Bahari Nyeusi inatoka kupitia Bosporus, mlango wa kama kilomita 30 kwa urefu ambao pembamba yake ni kama mita 700. Vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza tarehe 24 Februari 2022 bandari za Ukraine zilifungwa, meli zikaogopa eneo zima, bei ya ngano kwenye soko la Chicago ikapanda mwezi Machi hadi zaidi ya dola 12 kwa busheli (kipimo cha Marekani, kama kilo 27 za ngano), na bandari ya Constanța ya Romania ambayo ilikuwa wazi ikaelemewa na mizigo ya jirani iliyokuja kwa reli, lori na mto Danube. Makubaliano ya kupitisha nafaka yalisainiwa Istanbul tarehe 22 Julai 2022, meli ya kwanza, Razoni, ikatoka Odesa tarehe 1 Agosti. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miezi mitano. Kisha tarehe 17 Julai 2023 makubaliano yakafa, baada ya kupitisha kama tani milioni 33. Kwahiyo yule mwenye wauzaji watatu kiukweli alikuwa na mlango mmoja.

Milango mingine ya kuitafuta kwenye karatasi yako:

Mifereji na milango ya bahari. Suez iliziba siku sita mwezi Machi 2021 kwa sababu ya meli moja tu, Ever Given, kukwama. Kuanzia Novemba 2023 mashambulizi ya Bahari Nyekundu yakazisukuma meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari za kati ya Asia na Ulaya zikaongezeka siku kumi na zaidi. Panama mwaka huohuo wa 2023 haikuwa vita wala ajali, ilikuwa ukame, ziwa linalolisha mfereji lilishuka na idadi ya meli kwa siku ikapunguzwa kutoka kama 36 hadi ishirini na kitu.

Mito. Hii watu wanaisahau kabisa. Mahindi na soya nyingi za Marekani zinashuka mto Mississippi kwa tishari hadi Ghuba ya Mexico, na Oktoba 2022 maji yalipungua mpaka matishari yakakwama na nauli ikapaa. Argentina nayo inategemea mto Paraná, mwaka 2021 maji yalishuka kwa kiwango ambacho hakijaonekana kwa zaidi ya miaka 70, meli zikawa zinaondoka nusunusu.

Sheria. Huu mlango hauonekani kwenye ramani na ndio unaofungwa haraka kuliko yote, usiku mmoja tu. India ilizuia kuuza ngano nje tarehe 13 Mei 2022, halafu tarehe 20 Julai 2023 ikazuia mchele mweupe usio wa basmati, wakati nchi hiyo peke yake inauza karibu asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka duniani. Urusi ilifanya hivyo kwa ngano Agosti 2010 baada ya ukame na moto. Kwahiyo kwenye karatasi andika pia serikali ya nchi hiyo ina tabia gani ikibanwa.

Mlango wako mwenyewe. Bandari moja ya kushushia, daraja moja, kampuni moja ya malori, benki moja. Vurugu za dunia zina kawaida ya kuishia kwenye foleni ya bandari yako.

Umefaulu hatua hii ukiweza kujaza sentensi hii kwa kila mlango bila kubahatisha: "Huu ukifungwa leo, napoteza asilimia fulani ya nafaka yangu, kuanzia baada ya siku fulani."

## Hatua ya 3: Gawa upya kwa milango na kwa misimu

Sheria ninayoitumia mimi ni kwamba mlango wowote usibebe zaidi ya asilimia 40 ya nafaka yako. Sio sheria ya kitabuni, ni kipimo tu kwamba asilimia 60 iliyobaki ukiikamua na akiba inakuvusha.

Kipimo kizuri cha kujua kama umejigawa kweli: chukua fungu la kila mlango kwa desimali, lizidishe kwa lenyewe, kisha jumlisha yote. Mwenye 0.7, 0.2 na 0.1 anapata 0.49 + 0.04 + 0.01 = 0.54. Mwenye 0.4, 0.3 na 0.3 anapata 0.34. Namba ikikaribia 1 upo kwenye kamba moja, ukishuka chini ya 0.35 unaanza kupumua. Ipige hesabu hii kila robo mwaka, manake mafungu yanarudi pale kwenye bei rahisi polepole bila wewe kuona.

Kingine ni msimu. Ngano ya upande wa kaskazini wa dunia inavunwa zaidi Juni hadi Agosti, Argentina na Australia wanavuna kuanzia Novemba hadi Januari. Mahindi ya Marekani na Ukraine yanatoka Septemba hadi Novemba wakati Brazil zao lake la pili, ambalo ndilo kubwa, linavunwa kati ya Juni na Agosti. Ukiwa na chanzo kimoja kila upande wa ikweta, ukame wa upande mmoja haukuachi mwaka mzima, unasubiri miezi mitano sita hivi.

Chanzo cha tatu kiwe kile unachoweza kukifikia kwa lori bila kuvuka bahari, yaani wakulima au vyama vya ushirika vilivyo karibu na wewe, popote ulipo. Hapa saini mkataba kabla ya kupanda, sio wakati wa mavuno kila mnunuzi anapokuwa barabarani na pesa mfukoni. Mpe mkulima vitu vitatu anavyovitaka kweli: bei ya chini ambayo hutashuka hata soko likianguka, malipo ndani ya siku chache, na vipimo vya unyevu vinavyofanyika mbele yake. Akishakuona unapima bila hila mwaka wa kwanza, mwaka wa pili anakubakizia mzigo hata mwingine akimwongezea kidogo.

Onyo: usihamishie kila kitu kwa majirani kwa sababu ya hasira za dunia. Ukame mmoja unafunika eneo lote kwa wakati mmoja, na hapo mlango wako mmoja utakuwa mvua.

Na chanzo cha pili kitakuwa ghali kuliko cha kwanza, hilo likubali mapema. Nunua kwake kidogo kila msimu hata kama hakuna shida. Muuzaji unayempigia simu mara ya kwanza siku dunia imewaka hatapokea, anahudumia wateja wake wa siku zote, na huwezi kumlaumu.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya akiba

Watu wanauliza niweke akiba ya miezi mingapi, jibu haliko kwenye miezi, liko kwenye tofauti kati ya safari ya kawaida na safari mbaya.

Tuseme unatumia tani 20 kwa siku kwa wastani na tani 25 siku ya pilika. Mzigo ukiagiza unafika siku 45 kwa kawaida, lakini ukiangalia rekodi yako mbaya kuliko zote ulifika siku ya 75.

Hali mbaya: 25 × 75 = tani 1,875.
Hali ya kawaida: 20 × 45 = tani 900.
Akiba ya usalama: 1,875 − 900 = tani 975.

Hizo tani 975 hazitakiwi kuguswa siku za kawaida. Na oda mpya unaitoa pale mzigo wote uliopo stoo ukifika tani 1,875, yaani 900 za kula ukisubiri na 975 za kukulinda. Kosa kubwa ni kusubiri stoo ifike 975 ndo uagize, hapo umeshaanza kula ngao yako kabla vita haijaanza.

Ukisema huna pesa ya kulaza tani 975 nakuelewa, ndio hali ya wengi. Njia ni tatu. Shusha zile siku 75, kwa sababu kila siku unayoipunguza kwenye safari mbaya inakuondolea tani 25 za akiba, na mara nyingi siku hizo zinapotea kwenye makaratasi na sio baharini. Shirikianeni, wasagaji watatu ghala moja, kila mtu na hesabu yake. Au weka nafaka kwenye ghala lenye leseni, upate stakabadhi ya ghala, uipeleke benki kama dhamana, hapo nafaka yako inakulindia kinu na hapohapo inakupa pesa ya mzunguko.

Angalia na nafasi. Tani moja ya ngano inachukua kama mita za ujazo 1.3 ikiwa haijafungashwa, kwahiyo tani 975 ni karibu mita za ujazo 1,270 za nafaka tupu, bado njia za kupita na nafasi ya kukagua.

## Hatua ya 5: Kausha na utunze, la sivyo hesabu zote hizo ni bure

Nimeingia maghala ambayo kwenye daftari yana akiba ya miezi mitatu, ukichomeka bambo gunia la tatu unatoa unga na vumbi. Inauma sana, manake hiyo nafaka ilishalipiwa, ilishavuka bahari, imekuja kufia ndani.

Unyevu kwanza. Kwa kulaza miezi mingi, mahindi na ngano viwe asilimia 13 au chini, mpunga usizidi 13, hiyo 14 inayotajwa ni ya muda mfupi. Juu ya hapo kuvu wanaamka, na kuvu wa jamii ya Aspergillus wanaacha sumukuvu ambayo huioni, huinusi, na kupika hakuiondoi. Inaharibu ini la mtu. Hapa hakuna kupiga chenga kwa sababu bei imepanda.

Kila gunia linaloingia au angalau kila lori lipimwe sehemu tano: pembe nne na katikati, juu na chini. Mita ikiharibika, tumia njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu kiasi, jaza nafaka robo tatu, funga, tikisa, acha kama dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15 na haifai kulazwa. Isipoganda usishangilie, inakwambia tu iko chini ya 15, haikwambii imefika 13.

Ukinunua mbichi ukakausha mwenyewe weka hasara ya uzito kwenye bei. Tani 10 zenye unyevu 18 ukizishusha hadi 13 unabaki na 10 × (82 ÷ 87), yaani tani 9.43. Umepoteza kilo 570 na ushei za maji, na kama ulilipia kama nafaka kavu, umenunua maji.

Mashine ya kukaushia usiiwashe moto mkali kwa haraka. Mpunga na mbegu zisizidi nyuzi 43 hivi, mpunga ukichomwa unapasuka ndani na ukienda kukobolewa unatoka chenga.

Kupanga. Magunia juu ya chaga, sio sakafuni, acha mita moja toka ukutani na mita moja kati ya rundo na rundo ili mtu azunguke na tochi. La kwanza kuingia liwe la kwanza kutoka, na tarehe iandikwe kwenye rundo kwa maandishi makubwa. Kwenye kihenge cha chuma hatari iko juu, mchana chuma kinapata moto, usiku kinapoa, unyevu unapanda na kudondoka kwenye tabaka la juu, kwahiyo hapo ndipo ukague kwanza.

Wadudu. Kwa mzigo mdogo, mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la nje, inafanya kazi vizuri bila dawa, wadudu wanamaliza hewa wanakufa. Ila mfuko haukaushi nafaka. Ukiifungia mbichi umeitengenezea kuvu nyumba. Na usiufungue kila siku kuchungulia, kila ukifungua umewapa hewa.

Kwa mzigo mkubwa watu wanafukiza kwa fosfini. Gesi hiyo inaua wadudu na inaua binadamu. Afanye mtu mwenye mafunzo na kibali, rundo lifunikwe turubai lisilovuja, likae siku zote zilizoandikwa kwenye maelekezo, na asilale mtu kwenye jengo hilo wala lililoungana nalo. Kufukiza nusunusu chini ya turubai lenye matundu ni kibaya kuliko kuacha, manake wanaobaki hai ndio wenye usugu na ndio wanaozaliana.

Kagua kila wiki. Chomeka fimbo ya chuma katikati ya nafaka, subiri dakika 15, ichomoe uishike palepale. Sehemu ikiwa na joto kuliko wenzake kuna kitu kinapumua humo, wadudu au kuvu. Toa hiyo sehemu siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu.

Umefaulu ukichomoa sampuli ya miezi sita na mita ikasoma karibu sawa na siku ulipoingiza, hakuna harufu ya uvundo, na ukichekecha hupati zaidi ya mdudu wa hapa na pale.

## Hatua ya 6: Mikataba na pesa

Sehemu kubwa ya biashara ya nafaka ya kimataifa inafuata mikataba ya GAFTA, chama cha biashara ya nafaka chenye makao yake London. Usome kipengele cha marufuku. Kinasema kwa ufupi kwamba serikali ya nchi nafaka inakotoka au inakopakiwa ikizuia kuuza nje, sehemu ambayo haijatimizwa inaweza kuishia kufutwa. Yaani mkataba haukuletei nafaka siku ya marufuku. Usiuhesabu kama akiba.

Kinachosaidia ni makaratasi kuwa mbele. India ilipofunga ngano Mei 2022, mizigo ambayo barua yake ya dhamana ya benki isiyobatilishwa (LC, yaani ahadi ya benki kumlipa muuzaji makaratasi ya mzigo yakikamilika) ilishatolewa kufikia tarehe ya tangazo iliruhusiwa kupita. Waliokuwa na mkataba uleule lakini benki bado inazungusha makaratasi walibaki nje. Kwahiyo funguo ni kukubaliana na benki kikomo chako mapema, mwanzo wa mwaka, ili barua itoke ndani ya siku mbili tatu na sio wiki tatu.

Bima nayo: hatari ya vita kwa kawaida haimo kwenye bima ya kawaida ya mzigo wa baharini, unainunua pembeni, inaweza kuondolewa kwa taarifa ya siku chache, na kwa kawaida inakulinda mzigo ukiwa melini tu, ukishushwa ghalani nchi kavu imeisha. Muulize wakala wako kwa maandishi.

Kwenye bei, usifunge mzigo wote siku moja. Funga mafungu, theluthi kwa theluthi. Na ujue kusoma bei za Chicago: ngano busheli 36.74 ni tani moja, mahindi 39.37. Ukiona ngano senti 600 kwa busheli, ni dola 6 × 36.74, karibu dola 220 kwa tani, hapo bado nauli, bima na gharama za bandari. Mtu akikuuzia bila wewe kujua hesabu hii, anapanga yeye faida yako.

## Hatua ya 7: Nafaka ya kubadilishia

Hii ni ya kutumia ile ya kawaida ikikosekana, na majaribio yake yafanye siku ya amani. Jaribu kinuni mchanganyiko wa pili na wa tatu, mfano ngano ya protini ndogo ikiongezewa ngumu, au unga wa mtama au muhogo asilimia 10, pika, onja, uza kidogo, andika kilichotokea. Kwa mifugo, mtama badala ya sehemu ya mahindi. Kinachotakiwa ni karatasi yenye vipimo vilivyokwisha kujaribiwa na mteja aliyekwisha kuvionja. Hakikisha na sheria ya lebo inakuruhusu.

## Hatua ya 8: Weka dalili, na kila dalili iwe na kitendo

Kufuata habari tu kunakuchosha. Chagua vitu vichache:

1. Ripoti ya AMIS, mfumo ulioanzishwa na nchi za G20 mwaka 2011 kufuatilia ngano, mahindi, mchele na soya. Ni bure. Iangalie kila inapotoka.
2. Kielelezo cha bei za vyakula cha FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kila mwezi. Wastani wa 2014 hadi 2016 ndio 100, na Machi 2022 kilifika karibu 160.
3. Akiba za nchi zinazouza nje, sio akiba ya dunia nzima. China peke yake inashika zaidi ya nusu ya akiba ya mahindi duniani na haiuzi nje, kwahiyo ile namba kubwa ya dunia inatuliza watu bure.
4. Bei ya gesi na urea. Mbolea ya urea kwa sehemu kubwa inatengenezwa kwa gesi asilia, gesi ikipaa leo mkulima anapunguza mbolea msimu ujao na wewe unayaona matokeo baada ya mavuno.
5. Nauli ya meli na siku za kusubiri bandarini kwako.

Kisha andika kitendo mbele ya kila dalili kabla haijatokea, na jina la mwenye ruhusa. Mfano: "Nchi yoyote inayotuletea zaidi ya asilimia 20 ikitangaza kodi mpya ya kuuza nje, meneja manunuzi anaongeza oda kwa chanzo cha pili ndani ya saa 48 bila kusubiri kikao." Marufuku nyingi zinatanguliwa na kodi, vibali au bei elekezi, ukisubiri marufuku yenyewe umechelewa.

Onyo hapa ni la moyoni kabisa: dalili isikufanye ununue kwa hofu mara tano ya mahitaji yako. Mwaka 2007 na 2008 bei ya mchele ilipanda sana wakati mavuno hayakuwa mabaya, kilichoipandisha ni nchi kuzuia kuuza na wanunuzi kugombania. Nunua kiasi cha mpango wako tu. Wa nyuma yako kwenye foleni naye ana watu wa kulisha.

## Hatua ya 9: Funga mlango mmoja kwa makusudi

Mara mbili kwa mwaka, chagua mlango mmoja kwenye karatasi ya hatua ya 2, tangaza kwa timu kwamba leo umefungwa, kisha fuateni mpango kwa siku nzima. Pigeni simu za kweli kwa chanzo cha pili muombe bei na tarehe. Ulizeni benki barua itatoka lini. Pimeni akiba kwa bambo, msisome daftari. Sagieni mchanganyiko wa pili kwa saa mbili.

Mara ya kwanza lazima kitu kikwame: simu imebadilishwa, aliyekuwa na nywila ya benki ameacha kazi, rundo la nyuma limeloa. Andikeni kila kilichokwama, mpeni mtu na tarehe ya kukirekebisha, na zoezi linalofuata lianze kwa kukagua orodha hiyo. Kipimo cha kufaulu ni kimoja tu, mwisho wa siku mkuu wa stoo aweze kusema kinu kitasaga siku ngapi na huo mlango ukiwa umefungwa, na akienda kuhesabu magunia asikute tofauti.